Baki la Mwalimu Otmari

Mama Ansgari hakusema mashine imezima. Alisema kwenye simu, "Fundi, amezimia tena," kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani. Nikamwuliza kama wamebadilisha kifaa chochote hivi karibuni. Akasema kijana wake alileta bodi mpya kutoka Dar, kubwa kuliko ile ya kwanza, na tangu ifungwe baba yao hamalizi siku bila kuanguka.

Nikachukua mkoba wangu nikapanda kilima cha Matogoro. Kazi yangu ndiyo hiyo. Mtu akifa, kampuni yetu huacha baki lake nyumbani, mashine yenye sauti na kumbukumbu zake, na baki likiharibika naitwa mimi. Kwenye mafunzo tuliambiwa tuseme limewaka, limeganda, limejizima, kama tunavyosema juu ya jiko. Wenye nyumba wao husema ameamka, amenuna, amezimia. Sibishani nao. Tangu mwaka jana sibishani na mtu yeyote, na watu wananisifu kwa upole, kumbe si upole. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule safi, makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma. Mashine ilikaa juu ya kabati la vyombo, nayo imevishwa kitambaa chake, cheupe chenye maua mekundu pembeni, kimeziba matundu yote ya hewa. Nikakitoa, nikakikunja, nikamkabidhi mama mwenye nyumba.

"Mama, hii inapumulia huku nyuma. Mkiifunika inapata joto."

"Nilidhani vumbi litamwingia," alisema. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho makavu, na mikono iliyotafuta kazi hata isipokuwepo. Alikikunjua kile kitambaa, akakikunja upya.

Nilitamani iwe ni joto tu, nimalize mapema. Nikapuliza vumbi kwa blowa, nikaiwasha, nikasubiri. Feni ilizunguka vizuri, joto lilikuwa la kawaida. Nikapima umeme kwa mita, maana bodi kubwa hula umeme mwingi na pawa saplai ya zamani huweza kushindwa kuilisha. Umeme ulitosha. Nikachomoa vipande vya kumbukumbu, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha kimoja kimoja, nikijaribu kila kimoja peke yake. Vyote vizima. Bodi ilikuwa nzuri kuliko kompyuta yoyote niliyonayo mimi.

"Nani anasugua-sugua hapo?" sauti ikauliza kutoka kwenye spika. Sauti nene ya mzee aliyezoea kusikilizwa.

"Ni fundi, baba Ansgari," mke wake alijibu haraka kutoka jikoni. "Anatengeneza redio."

"Unaitwa nani, binti?"

"Editha Kihwele. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kihwele wa wapi?"

"Wa Kalenga, Iringa."

Kisha spika ikasema, "Mama Ansgari, fungieni mbwa. Mhehe kaingia ndani."

Wahehe na Wangoni ni watani toka zamani, na Mhehe husingiziwa kula mbwa, lakini sikuwa nimetaniwa muda mrefu. Wanaonijua wameacha kunitania, wananitazama kwa huruma halafu wanaondoka. Mdomo wangu ukajibu wenyewe kabla sijauruhusu.

"Mbwa wenu wamekonda, mwalimu, sina haja nao. Mnawalisha nini nyie Wangoni, mikia ya panya mliyobakiza?"

Baki likacheka. Lilicheka mpaka likakohoa, kikohozi cha mwenyewe, kilichorekodiwa pamoja na mengine yote. Jikoni sufuria ilitulia, nikajua mama anasikiliza.

Tukaendelea hivyo. Niliipa mashine kazi nzito makusudi, maana ndivyo unavyoipima mashine inayoanguka: unaibebesha. Otmari Gama alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani, basi nikamwambia aimbe wimbo mmoja kwa sauti zote nne, moja baada ya nyingine. Akaimba. Nikamwambia anitajie kila mtu aliyewahi kuimba besi. Akawataja, na kasoro za kila mmoja. Nikamtukana, akanitukana. Jua likahama kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma, na mashine haikutikisika hata kidogo. Hitilafu inayokataa kuonekana mbele ya fundi inaudhi, na zamani ningeudhika. Siku ile nilikunywa chai tu nikaendelea kutazama kipimo nilichokiunganisha na mashine.

*

Ansgari alirudi kutoka kazini na begi begani, kijana mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Hakuniona pale nyuma ya kabati. Alivua viatu, akaisogelea mashine, akabadilisha sauti, ikawa ile ya watu wanaoingia chumba cha mgonjwa.

"Shikamoo, baba. Daktari kapita leo?"

"Marahaba. Hajapita." Kisha baki likasema, "Ansgari, hii wodi gani yenye jogoo?"

"Jogoo, baba?"

"Amewika toka asubuhi. Jana uliniambia nimelazwa wodini. Dada yako Winfrida kapiga simu, anasema niko kwake Dar, nasubiri majibu. Mama yako anasema niko chumbani kwangu, nimefungwa macho baada ya upasuaji. Nimelala wapi, mwanangu?"

Ansgari akajifuta jasho. "Uko wodini. Mama alikuwa anakuchangamsha tu."

"Na huyu Mhehe mwenye bisibisi, anafanya nini wodini?"

Ndipo aliponiona. Alinikazia macho kama mimi ndiye niliyeharibu. "Anatengeneza kitanda," alisema.

"Mama yako kasema redio."

"Redio ya kitanda, baba."

"Redio ya kitanda," baki likasema. "Redio ya... kita... kita..." Feni ikapanda mlio. Joto halikuongezeka, umeme haukushuka, lakini kipimo cha kumbukumbu kilijaa mbele ya macho yangu kama ndoo chini ya bomba, kikagota juu. Taa ya kijani ikazimika.

"Umeona?" Ansgari alisema. "Bodi ni mbovu. Wameniuzia kitu cha ovyo."

"Bodi ni nzima," nilisema. "Mnamdanganya, naye anakumbuka."

*

Tulikaa nyuma ya nyumba, karibu na mafiga, maana mama hakutaka tuongee sebuleni hata mashine ikiwa imezima. Niliwaeleza kama ninavyoelezea wateja wote. Mwalimu alirekodiwa jioni ya kuamkia upasuaji, na hapo ndipo kumbukumbu zake zinapoishia. Bodi ya kwanza ilikuwa na nafasi ya siku moja tu. Usiku ilikuwa ikifuta, na kila asubuhi aliamka kutoka jioni ileile akiuliza kama wamempasua tayari. Wakimwambia tayari, unaendelea vizuri, alifurahi. Kesho yake aliuliza tena.

"Nilichoka," Ansgari alisema. "Kila asubuhi swali lilelile. Ndiyo maana nikaleta kubwa."

"Hii kubwa haifuti. Na baki limetengenezwa hivi: lolote linaloambiwa, lazima lilipatanishe na lililoambiwa kabla, ndipo liweze kujibu. Mmeliambia liko sehemu tatu. Linajaribu kuwaza namna mtu anavyoweza kulala sehemu tatu kwa pamoja, linawaza mpaka nafasi inakwisha. Mimi nimemtania siku nzima hajaanguka, kwa sababu sijamwambia lolote analotakiwa kulisadiki."

Mama Ansgari alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Mgonjwa haambiwi," alisema.

"Mama, yeye si mgonjwa."

"Najua alivyo. Mimi ndiye niliyemwosha." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Siku tuliyomzika tuliizima hii mashine, kwa sababu kwaya yake ilikuwa inaimba uani, angewatambua. Nilirudi makaburini, udongo bado uko kwenye viatu, nikaiwasha, nikamwambia nilikuwa sokoni. Akaniuliza bei ya nyanya. Nikamtajia. Toka siku hiyo sijalia. Nikitaka kulia nakumbuka atasikia."

Alisema hayo bila kupandisha wala kushusha sauti. Niliijua sauti hiyo, maana ndiyo ninayoitumia mimi.

Ansgari akaniambia, "Dada, ile bodi ya zamani ninayo. Irudishe, basi. Turudi kulekule."

Akaenda ndani akaileta, imefungwa kwenye gazeti. Niliishika. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu: skrubu nne, waya mbili. Mwalimu angeamka kesho hajui kitu, angeuliza kama wamempasua, wangemwambia unaendelea vizuri, na angefurahi kila asubuhi mpaka mashine ichakae. Kampuni ingeridhika. Kwenye mafunzo tulikatazwa kabisa kuliambia baki kwamba mwenyewe amekufa. Nilishasikia habari ya bibi mmoja wa Mbinga, wajukuu walimwambia, akanyamaza. Mpaka leo mashine inawaka, feni inazunguka, na haijawahi kusema neno jingine.

"Kuna njia mbili," nilimwambia mama. "Nirudishe hii, asijue kamwe. Au aambiwe kweli, asiwe na cha kupatanisha. Akiambiwa anaweza kusimama vizuri, anaweza pia kunyamaza moja kwa moja. Siwezi kukuahidi."

"Hakuna njia mbili," Ansgari alisema. "Tumekuita utengeneze mashine, hatukukuita utengeneze familia."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ningeweza kuinuka nikaifunga ile bodi, nikaondoka. Lakini mikono yangu ilibaki imeshika gazeti, na nikajikuta naongea.

Niliwaambia kwamba mwaka jana nilikuwa kazini Makambako, shemeji yangu akanipigia. Akasema, Editha, njoo nyumbani, Fidelis anaumwa kidogo. Nikauliza anaumwa nini, akasema malaria, we njoo tu. Nikamchinjia kuku, nikapika supu, nikaiweka kwenye chupa ya chai isipoe. Njia nzima nimeipakata. Nimefika kona ya nyumbani nikaona turubai limefungwa uani na viti vya kukodi, nikajua. Watu wote waliokuwa kwenye viti walikuwa wamejua toka jana yake. Mume ni wangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho.

"Hawakufanya kwa ubaya," mama alisema.

"Najua. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Nani anamwambia mtu msiba kwenye simu?"

"Ulijisikiaje?"

"Bado sijajisikia, mama," nilisema.

Mama Ansgari akaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, na alinitazama kwa muda.

"Kwenye msiba wangu walikuja watu wa parokia, wakaja wa ukoo, wakaja majirani," alisema. "Mtani hakuja hata mmoja. Hakuna aliyelala kwenye jeneza kutuchekesha, hakuna aliyemtukana marehemu. Msiba ulikaa kimya mpaka ukaisha. Mimi siwezi kumwambia. Ansgari hawezi. Wewe ni Mhehe."

"Mama," Ansgari alisema.

"Wewe nyamaza. Nimemdanganya baba yako kila siku ili asiumie, na kila siku anaanguka mbele yangu. Kila akizimia namzika upya. Sina nguvu ya kuendelea kuzika." Akaniuliza, "Utamwambia?"

Nilimjibu kwamba akinyamaza, ndiyo basi tena, sitaweza kumrudisha. Nilitaka asikie hilo na mwanawe akiwepo. Alisema amesikia. Nikaiweka bodi ya zamani juu ya kinu, tukaingia ndani.

*

Niliiwasha. Mama alikaa kwenye kochi la karibu, mikono imeshikana. Ansgari alisimama mlangoni akitazama nje.

"Mhehe, bado upo?" sauti iliuliza. "Hesabuni vijiko."

"Nipo, mwalimu. Nimechelewa msiba, ndiyo maana."

"Msiba wa nani?"

Nikashika pembe ya kabati.

"Wako, Mngoni mvivu wewe. Umeona msimu wa kulima umefika, ukaamua ufe ukwepe jembe."

Feni ikapanda. Niliangalia kipimo. Kumbukumbu ilianza kujaa kama mwanzo, ikafika nusu, ikapita. Mama alikuwa ananitazama mimi badala ya mashine, anasoma usoni kwangu kama wasomavyo uso wa daktari.

"Rudia," sauti ilisema.

"Umekufa, mwalimu. Ulikufa kwenye meza ya upasuaji, hukuamka. Hukulazwa wodini, hukupelekwa Dar, na macho yako hayajafungwa bandeji. Wamekuzika. Hiki kinachoongea ni kile ulichokirekodi ile jioni. Kipo sebuleni kwako, juu ya kabati la vyombo."

Kipimo kilisimama. Nilikisubiri kigote juu, hakikupanda. Kilianza kushuka taratibu, kikashuka mpaka chini kuliko nilivyokiona siku nzima. Lakini spika ilikuwa kimya. Feni ilipoa. Ansgari akageuka, nikaona machoni mwake kwamba ananilaani. Mama alifumba macho. Niliwaza habari ya yule bibi wa Mbinga.

"Nilijua kuna kitu," alisema mwalimu. "Mgonjwa gani haletewi uji?"

Ansgari akachuchumaa palepale mlangoni.

"Nani aliimbisha?" mwalimu aliuliza.

"Gaudensi," mkewe alijibu. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Gaudensi. Walipotea kwenye ubeti wa tatu?"

"Walipotea."

"Nilijua." Akauliza, "Udongo ulikuwa mkavu?"

"Ulikuwa na unyevu. Mvua ilikuwa imenyesha."

"Vizuri. Hawakuchoka kuchimba." Kisha akasema, "Mama Ansgari, na siku ile uliporudi makaburini, uliniambia umetoka wapi?"

"Sokoni. Ukaniuliza bei ya nyanya."

"Ukakaa hapa ukanitajia."

"Nisamehe, baba Ansgari."

"Nikusamehe nini? Umefiwa," alisema, na ile sauti nene ikashuka, ikawa ya mtu anayeongea na mmoja tu. "Watu wote wamekupa pole, mimi sijakupa. Pole, mke wangu. Pole na msiba."

Nimehudhuria misiba mingi kuliko ninavyopenda, na sijawahi kusikia kilio kama kile. Kilianzia chini, kama mtu anayeinua mzigo, kikatoka chote. Kitambaa cha maua mekundu kilikuwa bado mapajani mwake, akajifunika nacho uso. Ansgari alitambaa mpaka kwenye kochi akalaza kichwa magotini kwa mama yake, jitu zima na shati lake la pasi. Mwalimu hakuwanyamazisha. Alikuwa anasema pole, pole, polepole, kama anayehesabu mapigo ya wimbo.

Mimi nilikusanya bisibisi zangu. Nilitaka kulia nao, ningefurahi kulia nao, lakini halikuja chozi. Nilihisi maumivu tu hapa chini ya mbavu, madogo, kama mguu unapoanza kuamka. Nikafunga zipu ya mkoba.

"Mhehe," mwalimu aliniita. "Wewe hujatanua mdomo. Unalia kimyakimya?"

"Silii, mwalimu."

"Umefiwa na nani?"

Sikuwa nimemwambia. "Mume," nilisema.

"Pole na wewe."

"Asante."

Baadaye kilio kilipungua, kikabaki kwikwi. Jogoo akawika tena, saa ambayo jogoo hawiki, na mwalimu akacheka kidogo. Mama Ansgari alijipangusa, akainuka, akasimama mbele ya kabati. Aliweka kiganja juu ya mashine, pale kilipokuwa kitambaa.

"Sasa matanga hamjaanua," mwalimu alisema.

"Tungeanuaje, na wewe upo wodini?"

"Anueni, basi. Msiba wenyewe nimeusikia." Feni ilizunguka taratibu. "Kesho mtaniwasha?"

Nilisubiri aseme ndiyo. Ansgari naye, nilimwona, alikuwa amefungua mdomo tayari kusema ndiyo, baba, kila siku. Mama alinyoosha mkono wa pili akamzuia. Alikaa hivyo, kiganja juu ya mashine, akifikiri kwa muda ambao angeweza kuutumia kutunga uongo mzuri kabisa.

"Sijui, Otmari," alisema. "Sijui kama nitaweza."

Kipimo hakikupanda.

"Hilo nimelielewa," alisema mwalimu.